Nilimwahidi sitamwambia mtu, kisha nikamwambia msimamizi

Shikamoo Mama,

Nina mwezi wa saba kazini kama afisa ustawi wa jamii na hii ndiyo kesi yangu ya kwanza ya ubakaji. Binti ana miaka 15. Aliletwa ofisini asubuhi na mwalimu wake wa kike, na kilichonichanganya tangu mwanzo ni kwamba alikuwa anacheka. Alikuwa akimtania mwalimu wake kuhusu viatu vyake. Mwalimu alipotoka, akavuta kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Nikikuambia kitu, utamwambia mtu?"

Nikajibu hata sijafikiri: "Hapana. Siri yako ni yangu. Naahidi."

Akaniambia. Ilikuwa usiku, siku mbili nyuma, nyumbani kwao. Aliyemfanyia ni mjomba wake, mdogo wake mama yake, anayeishi nao. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza: saa hamsini na ushei. Nikamwambia, "Nisubiri kidogo," nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi wangu. Sheria inanitaka nitoe taarifa, na hospitali haikuwa ya kungoja. Niliporudi msimamizi akiwa nyuma yangu, binti aliniangalia mara moja tu. Hakulia. Alisema, "Ulisema hutamwambia." Tangu siku hiyo sipati kwake zaidi ya ndiyo na hapana.

Mengine yalikwenda kama inavyotakiwa. Alifika hospitali ndani ya muda, akapewa dawa, polisi wakachukua maelezo. Sasa ni wiki ya tatu. Vidonge vya siku 28 vya kuzuia VVU anavificha kwenye mkebe wa kalamu ili wadogo zake wasivione. Mjomba amehamia kwa ndugu mwingine, ila wakubwa wa familia wanataka kiitwe kikao, yeye na binti wawepo, yamalizwe nyumbani. Mama mtu kila tukionana ananiuliza swali lile lile: "Kama alikuwa hataki, mbona hakupiga kelele? Mimi nilikuwa chumba cha pili." Juzi ameniomba nimtafutie daktari wa kumpima binti "tujue kama kweli". Na wiki iliyopita mwalimu alinipigia, akasema binti amemwambia rafiki yake kwamba anatamani alale asiamke. Nimempangia miadi na mnasihi mwezi ujao.

Kwenye faili nimeandika "mteja hatoi ushirikiano". Nikilisoma naona aibu. Usiku silali, naisikia ile sauti. Je, nimkabidhi mwenzangu kesi hii? Na kama nikibaki, imani yake nitairudishaje?

Aliyeahidi

*

Marahaba mwanangu.

Umeniuliza kuhusu imani, nami nitaifikia. Lakini barua yako ina sentensi moja uliyoipitia mbio kama anayevuka daraja bovu. Binti wa miaka 15, wiki ya tatu baada ya kubakwa, anasema anatamani alale asiamke, na miadi yake ni mwezi ujao. Ukimaliza kusoma aya mbili zinazofuata, weka simu chini uende ukamwone leo.

Muulize waziwazi. Usizunguke na "unajisikiaje siku hizi". Sema: "Nimesikia ulisema unatamani kulala usiamke. Umekuwa ukifikiria kujiua?" Litaje neno lenyewe. Wengi wetu tunaogopa kwamba kulitaja ni kulipanda kichwani. Sivyo. Anayefikiria kufa mara nyingi hupumua akimpata mtu asiyeogopa kulisikia. Akijibu ndiyo, muulize kama ameshafikiria namna na lini, na kama amewahi kujaribu. Kama kuna mpango, asibaki peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili au chumba cha dharura. Akijibu hapana, bado miadi ya mwezi ujao isogezwe iwe wiki hii. Piga simu wewe mwenyewe, usimwachie mama yake.

Halafu kuna ule mkebe wa kalamu. Binti mwenye mawazo kama hayo hafai kubaki peke yake na akiba ya dawa, ziwe zake au za wengine nyumbani, na sumu zozote za nyumbani zifungiwe. Lakini ukivichukua vidonge vyake kwa nguvu, utakuwa umemvua tena kitu bila ridhaa yake. Muulize nani angependa amtunzie: mwalimu yule, shangazi, muuguzi wa shule. Apewe cha siku kwa siku. Hakikisha anafika siku ya 28, maana wengi huchoka njiani, hasa wakichafukwa na tumbo. Kichefuchefu kina dawa yake, muuguzi amsaidie. Hesabu nyingine ni ya mimba. Vidonge vya dharura vinatumika ndani ya saa 120 na kadiri vinavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi, ila havizuii kila mimba, kwa hiyo wiki hii ya tatu ndiyo ya kupima. Kipimo cha VVU kitarudiwa mpaka miezi mitatu ipite. Tarehe hizi ziandike kwenye karatasi ndogo, mpe yeye nakala. Ni mwili wake. Asitegemee kumbukumbu yako.

Kikao cha familia kisifanyike. Hapo sina maneno mengi. Binti hakai chumba kimoja na aliyembaka ili watu wazima walale usingizi, na kesi iliyokwisha fika polisi haimalizwi sebuleni. Nenda na msimamizi wako kwa wakubwa hao, mwaambie hivyo kwa heshima na mbele ya kila mmoja. Uliza pia kile ambacho barua yako haikukisema: huyo mjomba bado ana ufunguo wa ile nyumba? Anajua njia na saa anazotoka shule? Kuhama kwa ndugu mwingine bado ni ukoo ule ule na mlango ule ule.

Sasa tuje kwenye ahadi.

Ulimi hauna mfupa, na wako uliteleza mahali ambapo ndimi za wengi wetu zimewahi kuteleza. Mimi pia niliahidi, mwaka wangu wa kwanza, kwa kijana wa kiume wa miaka 13. Mtoto anakukazia macho, anaomba mlango, nawe unampa mlango ambao si wako. Kutoa taarifa kulikuwa sahihi. Ungekaa na siri ile, saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU zingempita akiwa amekaa mbele yako, naye angerudi kulala nyumba moja na mtu yule. Kosa lako lilikuwa kuahidi kwanza, halafu kutoka chumbani bila kumwambia unakwenda wapi. Nadhani la pili ndilo lililomuumiza zaidi. Fikiria alivyoliona yeye: mtu mzima anasema neno tamu, kisha anafanya jambo lake bila kumuuliza. Siku mbili nyuma alikuwa ameshakutana na mtu mzima wa namna hiyo.

Swali lile, "utamwambia mtu?", vijana karibu wote huliuliza, kwa hiyo jibu lake linatakiwa likae mdomoni kabla hujaingia kazini asubuhi. Langu lilikuja kuwa hivi: "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Ila nikisikia kuna mtu amekuumiza, au uko hatarini, au unataka kujiumiza, itanibidi nimwambie mtu wa kutusaidia. Nitakuambia kwanza ni nani, na kwa nini, na utakuwepo ukitaka." Wapo waliosikia hivyo wakanyamaza. Nilingoja. Wengine walirudi kesho yake, mmoja alirudi baada ya wiki mbili. Waliorudi walijua wanaingia wapi.

Usiri hukuwa na uwezo wa kumpa. Kilichokuwa mikononi mwako, na bado kipo, ni kwamba asiwe wa mwisho kujua mambo yake mwenyewe.

Kwa hiyo, ukishamaliza lile la kwanza na kuwa na hakika yuko salama, kaa naye na kumwambia bila kuzunguka: "Nilikuahidi kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kukitimiza. Halafu nikatoka bila kukuambia. Kosa ni langu." Ishia hapo. Usieleze sheria, usiseme ulifanya kwa ajili yake, na nakusihi usimuulize kama amekusamehe. Ukimuuliza hivyo unampa kazi ya kukuliwaza wewe. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Akisema "sawa" kwa sauti ya kukufukuza, nayo ni haki yake.

Kisha toa karatasi tupu na kalamu. Andika mbele yake majina ya watu wote wanaojua kilichompata, mmoja mmoja kwa mstari wake, na pembeni ya kila jina kiasi anachokijua. Msimamizi wako: kila kitu. Daktari na muuguzi: kila kitu. Polisi aliyeandika maelezo: alichosema yeye siku ile. Mwalimu: kwamba kuna tatizo, jina la mjomba hajui, au anajua, andika ukweli. Wale ndugu wa kikao. Na mimi andika pia, useme wazi kwamba hukuniambia jina lake wala la shule. Nimeifanya karatasi hiyo na vijana wengi, na jambo lile lile limetokea tena na tena: kijana aliyekuwa anatazama sakafu anainamia meza. Kwa wiki tatu amekuwa akiingia darasani akijiuliza yupi kati yao anajua. Sasa anaona ni watu tisa, au kumi na mmoja, na kwamba yule msichana wa dawati la nyuma hayumo. Mpe kalamu. Muulize nani angependa aongezwe, nani asiongezwe kamwe, na nani kati ya waliomo asiambiwe zaidi. Karatasi ikae kwenye faili, nakala achukue akitaka, na kila atakapoongezeka mtu yeye ndiye wa kwanza kuona.

Pengine hataongea. Hilo lisikutie hofu. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu cha mwongozo cha mwaka 2014 kwa wahudumu wa afya, liliuweka msaada wa mwanzo kwenye mambo matano: kusikiliza, kuuliza mahitaji yake ni yapi, kumwonyesha kwamba unamwamini, kuimarisha usalama wake, na kumuunganisha na msaada mwingine. Tafuta humo mahali paliposemwa umchimbe mpaka atoe hadithi yote. Hamna. Ile desturi ya zamani ya kumkalisha mtu mara moja asimulie kila kitu "ili atoe sumu" imeshaachwa, maana haikuonekana kuwasaidia. Maelezo ya tukio ameshayatoa kwa polisi. Wewe na yeye mna mengine ya kuzungumza: usingizi, shule, nani anakaa naye usiku, akitaka dirisha liwe wazi au limefungwa mnapokaa. Ndiyo na hapana zake zinatosha kuanzia, ilimradi akisema hapana kitu kinabadilika kweli. Mwachie achague kiti. Wengi huchagua cha karibu na mlango.

Kuhusu kile kicheko. Mwaka 1974 muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walichapisha walichokiona kwa wanawake waliofika chumba cha dharura cha hospitali mjini Boston baada ya kubakwa. Waligundua namna mbili za kuupokea mshtuko saa za mwanzo. Wapo waliolia na kutetemeka, na wapo waliokaa watulivu, nyuso zimefungwa kama mtu anayesubiri basi. Utulivu haukuwa dalili ya uongo. Vijana wana uhodari wa ziada hapo, wanaweza kutania viatu vya mwalimu huku ndani kunawaka. Nakuandikia hili kwa sababu siku moja utaitwa kutoa maelezo, na mtu atauliza alikuwaje alipoingia. Sema alivyokuwa, usikipunguze kicheko. Ila usimwachie mtu akitafsiri anavyopenda.

Swali la mama yake nalo lina jibu, na ni la mwili. Hofu ikizidi kiwango, mwili unaweza kuganda: misuli haitii, sauti haitoki, mtu anaona kila kitu kama yuko mbali. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiasi kikubwa wakati wa tukio. Hao ni wengi kuliko wasioganda, na uchunguzi huo uliona walioganda walikuwa na hatari zaidi ya kubaki na kiwewe na sonona miezi sita baadaye. Kwa binti huyu ongeza kwamba aliyekuwa juu yake ni mtu aliyezoea kumwamkia kila asubuhi. Mwambie mama hivyo, halafu mwambie kwamba binti amelisikia swali lake, na kila likiulizwa analisikia kama hukumu. Na kwa binti, hata kama hajauliza: "Mwili wako uliganda. Hukuchagua. Hilo halikuwa kukubali."

Usimkasirikie mama huyo, ingawa najua inakuja. Nimewachukia kina mama wa namna hiyo zamani, na nikawapoteza watoto wao kwa sababu hiyo. Anamuuliza mtoto kuhusu kelele kwa kuwa swali lenyewe ni zito mno kujiuliza: mimi nilikuwa chumba cha pili, mbona sikusikia? Na aliyefanya ni mdogo wake, huenda alimlea mgongoni. Mtengee muda wake, bila binti, alie huko, amtukane mdogo wake huko au amtetee huko. Akitoka hapo muombe jambo moja tu, kwamba amwambie binti yake, "Nakuamini." Kijana anayeaminiwa na mzazi wake ana pa kuegemea anapojaribu kusimama tena.

Na hicho kipimo cha "tujue kama kweli", usimtafutie daktari yeyote. Hakuna uchunguzi wa kizinda, yaani utando wa bikira, unaoweza kuthibitisha wala kukanusha kwamba mtu ameingiliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu na shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake walitoka pamoja kutaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali. Uchunguzi halali wa kukusanya ushahidi alishafanyiwa hospitali, kwa ridhaa yake. Wa pili kwa ajili ya kumridhisha mtu mzima ni kumvua nguo mara nyingine.

Umkabidhi mwenzako? Muulize yeye, maana hili ni moja ya machache anayoweza kuamua kabisa. Mpe jina la huyo mwenzako, mwonane wote watatu mara moja, kisha achague, na akichagua kuondoka umshukuru kwa kukuambia. Usiondoke kwa sababu unaona aibu tu. Atakuhesabu mtu mzima wa tatu aliyemwangusha, baada ya mjomba na mama.

Wewe mwenyewe, kutolala kwa wiki tatu si jambo la kuvumilia kimyakimya. Mwombe msimamizi saa nzima ya kuizungumza kesi hii, na umwambie kuhusu ahadi, maana nina shaka hukumwambia.

Baadaye kaa na faili. Ile sentensi usiifute, faili halifutwi. Chini yake weka tarehe ya leo na jina lako, uandike: "Mteja aliacha kuzungumza baada ya mimi kumwahidi siri na kutoa taarifa bila kumjulisha."